Mama Alipokuja Kuniokoa Jukwaani

Kazi yangu ni kuimba bila maneno. Nakoroma, nabana pumzi, nalia kama mlango usiotiwa mafuta, kisha natunga vipande virefu kwa sauti hizo hizo. Wageni huniita mtunzi. Mama yangu, mwalimu wa kwaya ya kanisa letu kule Mutuini, akiulizwa nafanya nini alikuwa anajibu, "Yuko mjini, kwa ofisi." Ofisi gani, jamani? Sijawahi kuwa hata na meza.

Iliniuma. Yeye ndiye aliyenifunza kuimba, na yeye ndiye aliyekataa kabisa kuja kunisikia.

Mwaka jana nikambembeleza mpaka akakubali. Nilikuwa na maonyesho mawili, Ijumaa na Jumamosi, katika ukumbi mmoja wa katikati ya jiji. Ijumaa akafika na wamama wanne wa kwaya, vitambaa vyeupe kichwani, wakaketi mbele kabisa. Nilipoanza kukoroma, mmoja alifumba macho akaanza kuniombea. Haya, hilo nililitarajia. Shida ilikuja katikati, pale nilipotunga kimya kirefu. Nasimama tu, mdomo wazi, nawatazama watu.

Sasa, kanisani kwetu mtoto akisahau wimbo mbele ya watu, haachwi aaibike. Hupigiwa makofi mpaka akumbuke, na asipokumbuka, wamama humwimbia.

Makofi ya kwanza yalikuwa ya mama.

"Usiogope, mami!" akaniita, vile anavyoniita tangu utotoni. Vigelegele vikafuata, kisha wote watano wakasimama na kuanza pambio, sauti zote nne za kwaya zimekaa sawa. Ukumbi mzima ukapiga makofi, ukidhani ndivyo nilivyopanga. Woi! Nilitaka ardhi inimeze. Lakini ningefanya nini? Nikashika soprano, ile ile aliyonifunza jikoni kwetu, na machozi yakanitoka hadharani.

Baadaye nilimkuta mlangoni akimsimulia bawabu. "Huyu ni wangu. Ni mwimbaji. Alikwama kidogo, tukamtoa."

Mwimbaji! Nilisikia vizuri, lakini kiburi nacho hakina adabu. Nikamweleza polepole kwamba kile kimya nilikiandika mwenyewe, kwamba sikukwama.

Akanitazama kwa huruma, vile anavyowatazama watoto wa sande skuli wakijitetea.

"Sawa, mami," akasema, akifunga vifungo vya sweta. "Na kesho utakwama saa ngapi? Tusichelewe."