Vidole Viwili vya Hina

Juzi niliingia kwenye lifti ya ofisini nikapokewa na harufu ya mafuta ya mkaratusi. Dada mmoja wa masijala alikuwa na mafua na amejipaka hadi shingoni, na wenzangu walikuwa wakigeuza nyuso ukutani kwa adabu. Mimi nilivuta pumzi ndefu kama mtu aliyefunuliwa sufuria ya pilau. Mkono wangu wa kulia ulikuwa mfukoni, na sababu yake nitakueleza mwishoni.

Kama hujawahi kukaa karibu na mtu anayekoroga hina, basi ujue kwamba unga wake ukiwa peke yake unanuka majani makavu yaliyolowa. Ndimu inauchachua na chai ya rangi inaukoleza, lakini mkaratusi ndio unaowapa taarifa majirani. Mama yangu aliuchekecha unga ule kwa kipande cha mtandio wake mkuukuu, akarudia kuuchekecha, kwa sababu punje moja ya mchanga inatosha kuziba koni ya kuchorea. Koni ikiziba ua likiwa nusu, bi harusi anakwenda kwa mumewe na ua lililopooza. Mchanga nao haukuwa mbali, maana tulipanga Manzese, miaka ile barabara ya mwendokasi ilipokuwa ikichimbwa, na vumbi lilituingilia hadi kwenye mswaki.

Kazi ya mama, ile ya barua ya ajira na sare, ilikuwa uuguzi. Alichanja watoto katika zahanati moja ya jirani. Watoto wa mtaani wakimwona anapita walijishika mabega na kukimbia, nami nilijiona binti wa mtu mkubwa sana.

Baba alifariki nikiwa darasa la nne. Mdogo wangu Saidi alikuwa bado anajifunza kufunga kamba za viatu. Siku za msiba ule ule, baba mkubwa, kaka yake marehemu, alitamka mbele za watu kwamba mwanamke mmoja na mshahara mmoja hawawezi kulea watoto wawili hapa Dar, kwa hiyo sisi tungehamia kwake Lindi. Mama aliomba amalize eda kwanza. Alikaa ndani bila wanja, bila manukato, bila hina, kama inavyotakiwa. Mimi nililala nimeshika ncha ya kanga yake, nikihofia kuamka nijikute Lindi.

Eda ilipoisha alirudi zahanati. Jioni ya siku ya kwanza hakuja moja kwa moja nyumbani. Alipitia saluni ya Anti Mwanaidi, akamwambia kwamba usichanani aliwachora hina wasichana wote wa mtaa wao, na kwamba anataka kazi ya jioni na ya Jumamosi. Anti Mwanaidi akamkunjulia mguu wake mwenyewe kama mtihani, na kabla mguu haujakauka mama alikuwa ameajiriwa mara ya pili. Kazi ile ndiyo iliyokuwa jibu lake kwa baba mkubwa.

Mimi na Saidi tukahamishia jioni zetu saluni. Nilifanya hesabu zangu kwenye kiti cha kuoshea nywele, miguu ikining'inia, nikisikiliza habari ambazo mtoto hakupaswa kuzisikia. Kiti kile kimenifundisha mengi kuliko vitabu, ila siyo yote ya kuandika hapa.

Tatizo lilikuwa vidole. Mchora hina hufuta ncha ya koni kila baada ya jani moja, na mama alifutia dole gumba na kidole cha shahada. Haikupita wiki vikawa vyekundu, kisha vikaiva kabisa. Na kwetu watu wa pwani, mwanamke asiye na mume akionekana na hina, mtaa hauulizi imechorwa wapi. Unauliza imechorwa kwa ajili ya nani. Mjane aliyetoka eda juzi ndiyo usiseme. Maneno yalitoka bombani yakafika sokoni, na kutoka sokoni yakapanda basi la Lindi.

Baba mkubwa alikuja Jumapili moja mchana, na mkewe, na kapu la korosho. Tuliwaamkia, wakaitikia. Alikula wali na samaki wa nazi mpaka akamaliza, akanawa, ndipo akasema.

"Shemeji, nimekuja kuchukua wanangu. Leo hii."

"Wanao ndio hawa," mama akajibu. "Sababu?"

"Sababu unayo mkononi. Kaburi la mdogo wangu halijaota majani, wewe ushatia hina. Hina ya nani hiyo?"

Nilimtazama mama nikitegemea atalia, maana mimi nilikuwa tayari nimeanza.

"Ya wateja, shemeji. Nikitoka zahanati nachora hina saluni."

"Ndivyo wanavyosema wote. Na hata kama kweli, mshika mbili moja humponyoka. Una zahanati, una saluni. Watakaoponyoka ni hawa watoto."

"Mikono n'nayo miwili, shemeji," mama akasema, akainuka kuchukua bakuli lake la hina. "Mama mkubwa, hebu lete mguu."

Mama mkubwa alikuwa mtu wa makamo, mzito, mwenye haya. Lakini mumewe alipogeuka kumkataza, mguu ulikuwa umeshafika juu ya kigoda, umefutwa vumbi.

"Tangu harusi ya kitindamimba wetu," akasema kwa sauti ndogo, "hakuna aliyenitazama miguu."

Mama akaanza kifundoni. Mstari ulitoka mwembamba, ukajikunja, ukachipua majani. Aliongea bila kuinua macho. "Zena, mwambie baba yako mkubwa asubuhi unakula nini." Nikasema uji, na Jumapili chapati. "Jioni mnakaa na nani?" Nikasema na wewe, saluni. "Hesabu?" Nikakimbia kuleta daftari, Saidi naye akaleta viatu vyake kuonyesha jinsi anavyofunga kamba.

Baba mkubwa hakutazama daftari wala viatu. Alitazama mkono wa mama. Jani moja, akafuta ncha. Jani jingine, akafuta ncha. Dole gumba na cha shahada, basi. Kiganja, panapojazwa hina ya kujipamba, kilikuwa cheupe. Mkono wa kushoto, ulioshika mguu wa mkewe, haukuwa na hata doa.

Alikohoa. "Kesho zahanati unaingia saa ngapi?"

"Saa moja na nusu, kama siku zote."

"Basi waje likizo," akasema. "Korosho zikiiva."

Kuondoka siku ile hakuweza, kwa sababu mkewe alikataa katakata kukanyaga chini hina ikiwa mbichi. Baba mkubwa, aliyekuja kutubeba, alishinda amechuchumaa anampepea mkewe miguu kwa kawa la kufunikia wali.

Kwa miaka mingi niliamini tulibaki Manzese kwa sababu ya uzuri wa maua yale. Nilipokuwa kidato cha pili ndipo nilipoliona boksi la glovu pale saluni, zile za kupakia dawa ya nywele, lipo mezani, mahali lilipokuwa siku zote. Nikamuuliza mama kwa nini hakuwahi kuzivaa, maana angezivaa maneno yote yale yasingekuwepo.

"Ningevaa," akanijibu, "ningekuwa naficha nini?"

Siku hizi nami nina kazi ya ofisini, na mwisho wa wiki naoka keki za sherehe. Ofisini kwetu karibu kila mtu ana kazi ya pili, na karibu kila mtu anaificha kama ugonjwa. Asubuhi ile ya lifti nilikuwa nimemaliza keki ya harusi, na rangi ya bluu ilikuwa imegoma kutoka vidoleni. Ndiyo maana mkono ulikuwa mfukoni. Bosi wetu alikuwa amesimama mbele yangu.

Mkaratusi ukaniingia puani. Nikatoa mkono, nikabonyeza namba ya ghorofa yetu.

"Zena, hiyo bluu ni nini?" bosi akauliza.

Nikamfungulia kiganja chote aone vizuri, nikamwambia.