Troli Niliyoipeleka Harusini Kiamunyi

Hii kitu nimehadithia watu watatu tu, na wote walinicheka kabla sijafika katikati, kwa hivyo kama na wewe unataka kucheka, cheka sasa tumalize. Aibu ni yangu yote. Nilijaribu kumsukumia kidogo fundi aliyeniuzia troli, lakini haikukubali.

Mimi ni mpiga picha. Miaka sita nimepiga picha za mazishi, kutoka Njoro mpaka Molo mpaka Bahati, mpaka watu wa matanga wakaanza kuniita Kamera na wengine hawajui kama nina jina lingine. Si kazi mbaya, hakuna mtu wa kukusumbua eti macho yake yametoka yamefungwa (yule wa maana amefunga yake tayari), lakini nilikuwa nimechoka. Kila Jumamosi viatu vya matope, kila Jumamosi unakula wali umesimama katikati ya watu wanalia, na ukikutana na wao baadaye mjini wanakuangalia tu halafu wanakumbuka na uso unabadilika. Nilitaka harusi, yaani nilitaka watu wakiniona wafurahi. Hilo tu.

Ndio siku moja msichana anaitwa Wambui, wa kule Kiamunyi, akanipigia simu. Alikuwa amepewa namba yangu na mtu ambaye hakumwambia namba ni ya nini. "Umewahi kupiga harusi?" akauliza. Nikamwambia, "Nyingi sana." (Zilikuwa mbili, na moja ilikuwa ya binamu yangu, na hata hiyo betri iliniishia kabla keki ikatwe.) Akataka kuona kazi yangu, nikamtumia picha za maua mazuri mazuri, nikiwa nimekata pembeni pale panaonyesha kwamba hayo maua ni shada na shada liko juu ya kaburi. Akasema yamependeza sana. Nikajiambia hii ndio njia, nikifanya hii moja vizuri, Kiamunyi yote itaniita kwa harusi na sitakanyaga makaburini tena.

Sasa, mazishi unapiga na jua la Mungu, lakini ndani ya kanisa unahitaji taa. Nikakodisha taa tatu kubwa, na betri zake, na stendi zake ndefu, na mifuko ya mchanga ya kukalia miguu ya stendi zisiangukie watu. Nafanya kazi peke yangu na mgongo wangu si wa kubeba vitu, kwa hivyo nikaanza kutafuta kitu cha magurudumu. Mkokoteni wa sokoni haungepita mlango wa kanisa. Kigari cha kubebea mitungi ya maji nilikijaribu, kinalia kama nguruwe anapelekwa mahali hataki. Nikanunua katroli ka mtumba ka mizigo, nikakajaza, nikakavuta pale nakaa Bondeni, na sikupita nyumba mbili kabla gurudumu moja kutoka na kuingia mtaroni, na huko ndiko liko mpaka leo.

Nikaenda kwa fundi wa vyuma kule Kaptembwo, watu wanamwita Baba Kevo, nikamweleza shida yangu. Akanisikiliza, akaweka chini nyundo, akasema, "Madam, kuna kitu hapa nyuma." Akatoa troli ya vyuma vinang'aa, magurudumu ya raba manene, breki kila upande, akaisukuma na kidole kimoja ikaenda yenyewe mpaka ukutani.

"Haina kelele hata kidogo," akasema. "Na imebeba watu wazito kuliko hizo taa zako."

Nisidanganye hapa eti sikujua. Nilijua kabla hajamaliza kuitoa. Hiyo ni ile troli ya kuwekea jeneza, ile inakunjika inakuwa fupi na ukiivuta inajinyoosha mpaka urefu wa mtu, nimeiona kila Jumamosi miaka sita. Mwenye gari la kubeba maiti alikuwa amenunua nyingine, akamwachia Baba Kevo hii auze.

"Na watu wakiijua?" nikauliza.

"Ni chuma tu, madam. Chuma haina jina."

Akataka kuichomelea ikiwa imekunjwa, isijifungue tena, dakika kumi tu. Na hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu nilisema hapana, wacha hivyo, siku moja naweza kuwa na mzigo mrefu. Nikaifunga na mpira wa bodaboda, ule wa kufungia mizigo, nikaenda zangu nikijiona mwerevu.

Jumamosi ikafika. Kanisa lilikuwa limejaa, maana bibi harusi alikuwa njiani, na mlango wa pembeni ambao ningetumia ulikuwa umezibwa na watu wa mapambo na tao la maua. Nikamwambia mzee wa mlangoni nina taa za kupeleka mbele. Akasema, "Pita tu katikati, lakini haraka." Barabara ya huko ina vumbi, kwa hivyo mzigo wote nilikuwa nimefunika na kitambaa kikubwa cheusi (nyeusi, ndio, wapiga picha tunapenda nyeusi). Kizingiti kilikuwa juu kidogo. Nikasukuma kwa nguvu, mpira ukakatika, pa! Na ile troli ikajinyoosha polepole, bila kelele, vile tu nilikuwa nimeahidiwa.

Mfuko mrefu wa stendi, niliokuwa nimeusimamisha wima, ukalala katikati vizuri, taa mbili upande wa kichwa, moja upande wa miguu, kitambaa cheusi juu. Sijui nani angesema nini, lakini kwa hayo mambo mimi ndio mtaalamu, na lilikuwa jeneza.

Wazee watatu wa benchi la mwisho wakasimama. Wakavua kofia. Benchi lililofuata likasimama, halafu lingine, mpaka kanisa lote likawa limesimama kimya, na wale wa mbele labda walidhani ni bibi harusi mpaka wakageuka, na bibi harusi hata siku moja havuliwi kofia. Yule wa kinanda alikuwa anapiga kitu cha furaha, mikono yake ikaanza kwenda polepole yenyewe. Mimi niko mlangoni nimeshika chuma.

Katika huo ukimya, mama mzee aliyekaa benchi la kwanza, nyanya ya Wambui, yule wanamwita Shosho, akauliza kwa sauti yake yote: "Hiyo mmemletea nani?"

Macho ya kanisa yakaanza kutafuta nani ni mzee kuliko wote humo ndani, na yakatua kwake.

"Ni mimi?" akasema.

Mama ya Wambui akanijia mbio, uso sitausahau, akasema, "Toa! Toa hiyo kitu hapa!" Wajomba wanne wakashika vyuma, wawili huku wawili kule, wakaigeuza, wakaanza kuitoa, na kwa sababu hawajui njia nyingine ya kuisukuma, wakaenda polepole vichwa vikiwa chini. Na mimi (hii sehemu ndio naiachaga nje nikihadithia) nikatangulia mbele yao, nikatembea kinyumenyume, nikainua kamera nikapiga. Picha tatu. Mkono ulienda wenyewe, ndio kazi umezoea.

Gari la Wambui lilikuwa linasimama wakati huohuo. Akaona kupitia dirisha wajomba wake wanne wanatoka kanisani na kitu kirefu kimefunikwa nyeusi, na mimi mbele napiga picha. Akafungua mlango kabla dereva hajazima gari. Akapiga kelele, "Shosho! Woiye, ni Shosho?" na akakimbia, gauni limekunjwa mkononi, kiatu kimoja kimebaki kwenye nyasi, akawapita wajomba, akapita katikati ya kanisa lote akimtafuta mpaka mbele. Ile kuingia kwake iliyopangwa miezi mingapi iliisha hapo.

Shosho alikuwa amekaa tu. "Niko hapa," akamwambia. "Nimekataa kupanda." Wambui akampigia magoti akaweka kichwa mapajani mwake, akalia, halafu akacheka, halafu akalia tena, na Shosho anampangusa rangi ya macho na leso yake mwenyewe. Nilikuwa nimemfuata bila kufikiria. Nilipiga hiyo pia, bila taa, na mwanga wa dirishani.

Shosho akainua uso, akaniangalia muda mrefu.

"Wewe msichana nakujua," akasema. "Ni wewe ulitembea hivyo kinyumenyume tukizika mzee wangu huko Molo."

Kanisa lote lilisikia. Mama ya Wambui alisikia, Wambui alisikia, na yale maua yangu yote yakajulikana yametoka wapi. Nikasema ndio, Shosho, ni mimi. Nilidhani atanifukuza.

"Ulipiga vizuri," akasema. "Na zangu utapiga. Lakini si leo, umesikia?"

Harusi ikaendelea. Mama ya Wambui hajanisamehe na simlaumu, ingawa nasikia ile ya dirishani ndio wametundika sebuleni, kubwa, na zile zingine ziko kwenye albamu. Kiamunyi wananipigia simu sana siku hizi, karibu kila wiki, na hakuna hata mmoja anataka harusi. Wengine wanauliza kama nakuja na troli yangu.

Nilimrudishia Baba Kevo, akaichomelea, sasa anawekea mitungi ya gesi. Mimi sitanunua tena kitu cha magurudumu bila kuuliza kimebeba nani, na mtu akiniuliza kazi yangu ni gani namwambia ukweli. Lakini simu ikilia na nione ni namba ya Wambui, kwanza naiacha ilie kidogo, nikiogopa ndio siku ya zile picha za Shosho. Mpaka sasa amekuwa akinisalimia tu.