Aliyefutwa kwa Mkwaruzo Wangu Ndiye Aliyenisomea Barua

Admin, jina langu liweke mbali, na la hilo jumba la sinema pia, maana Kisii ni mji mdogo na watu wana masikio. Mimi ni mzee wa miaka sitini na tatu, kwetu ni upande wa Nyaramba, nina mke na wajukuu. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunitukana.

Ujana wangu wote niliendesha projekta. Nilizunguka na gari la sinema, leo Itumbe kwa watu wa majani chai, kesho uwanja wa shule, natundika shuka jeupe na watu wanajaa. Halafu kompyuta zikaja, mikanda ikatupwa, nikarudi kulima ndizi. Basi miaka miwili iliyopita tajiri mmoja wa hapa akafungua jumba mjini, akaleta mashine ya mkanda mpana, ule wa milimita sabini. Filamu ni mpya kabisa, za juzi juzi, lakini zimepigwa kwenye mkanda, si kompyuta. Picha inajaza ukuta mpaka unaona jasho kwenye kope za mtu! Watu wanatoka Kisumu, wanatoka Eldoret, hata Nairobi, kuja kutazama sinema Kisii. Na aliyejua kuishika hiyo mashine ni nani? Ni mimi, mzee wa migomba. Wacheni nijisifu kidogo, maana huko mbele hakuna sifa.

Nilipewa mtu wa kufunza, mama wa watoto watatu kutoka Homa Bay. Nitamwita Mama Faith, ingawa si jina lake. Ana mkono mwepesi na haulizi kitu mara mbili. Aliniita Mwalimu tangu siku ya kwanza. Sheria ya wenye filamu ni kwamba mmoja anafunga mkanda kwenye mashine, wa pili anakagua kila kigurudumu, ndipo anatia sahihi kwenye kitabu. Mkanda ukiruka kigurudumu kimoja tu, unasuguana na chuma, na ukishakwaruzika umekwaruzika. Hakuna kutengeneza.

Sasa siri yangu. Nina mtoto wa jicho. La kulia halioni kitu, la kushoto naona kama niko kwenye moshi wa jikoni. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Kazi nilifanya kwa vidole na mazoea. Hata upande wa mkanda wenye picha niliujua kwa kuugusa na mdomo, kwa sababu unanata kidogo. Nilijiambia hakuna atakayejua.

Siku ile tulifunga filamu mpya saa nne asubuhi. Mama Faith akaja na tochi yake, akainama. "Mwalimu, hebu nione hapa chini."

Nilishikwa na hofu, na hofu ikatoka kama hasira. Nikamwambia, "Huku kwetu tuna chinsoni. Mtoto hakagui kazi ya baba yake. Ama kwenu mnakagua wazee?" Chinsoni ni heshima yetu Wakisii, ile inayoweka mpaka kati ya mzazi na mtoto. Ni kitu kizuri, na mimi nilikifanya fimbo. Akazima tochi. "Pole, Mwalimu," akasema, akatia sahihi.

Saa nane jumba lilijaa. Mashine ikaanza, nikakunja mikono, nimeridhika kabisa. Baada ya muda nikasikia watu wananung'unika. "Kuna nini?" nikamuuliza Mama Faith. Kumbe mstari wa kijani ulikuwa umeteremka katikati ya picha, kutoka juu mpaka chini, kila mtu anauona isipokuwa mimi. Aliniangalia, akaangalia ukuta, akaniangalia tena. Hapo ndipo alijua kwamba sioni. Alikimbia kuzima mashine, lakini nusu ya filamu ilikuwa imeharibika.

Tajiri alikuja akifoka. Kabla sijafungua mdomo Mama Faith akasema, "Ni mimi. Sikukagua." Nilikuwa nimesimama hapo hapo, jamani. Mdomo ninao. Nikanyamaza. Alifutwa siku hiyo hiyo.

Sasa anauza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Daraja Mbili. Nilimfuata nikamwambia nitasema ukweli. Akanikatiza, "Mwalimu, ukitoka wewe mashine itauzwa. Nami nitarudi wapi? Nenda utibiwe macho kwanza, halafu uniite nirudi kazini." Wiki saba zimepita na hospitali sijaenda. Naogopa kisu, na naogopa kuulizwa macho yalianza kuharibika lini.

Jumatatu tajiri akanipa karatasi. Wenye filamu hawatoi nyingine mpaka shahidi aandike nani alikosea. "Wewe tia sahihi tu, Mzee, si mwenyewe alikubali?" Simu yangu nimeiweka herufi kubwa, ndio maana naweza kuwaandikia, lakini karatasi ni karatasi. Mke wangu angeuliza kwa nini sijisomei. Nikaipeleka kwa mtu pekee anayejua habari za macho yangu.

Mama Faith alifuta mikono kwenye leso, akanisomea pale kwenye omena zake. Barua inasema alikuwa mzembe. Inasema alionywa na mwalimu wake akakataa kukagua. Hilo neno "akakataa" alilisoma mara mbili, halafu akaendelea mpaka mwisho. Nilidhani atairarua, na Mungu wangu, nilitamani airarue. Badala yake alishika kidole changu akakiweka chini ya karatasi, upande wa kulia.

"Ni hapa, Mwalimu. Sahihi inaingia hapa."

Sijatia. Karatasi iko mfukoni, Ijumaa inatakiwa. Nikisema ukweli mashine inaweza kwenda na kazi zetu wote wawili. Nikitia sahihi, huyu mama hatashika mkanda tena popote. Nishaurini, nifanye nini? Anayetaka kunitukana anitukane, nimestahili, lakini nijibuni kabla ya Ijumaa, maana kidole changu kimeshaonyeshwa mahali, na hakihitaji macho kupafikia.