Mabao Sita ya Maombi

Jamani, kabla hamjamwombea mchezaji, muulizeni anacheza namba gani.

Mtoto wa dada yangu, mzaliwa wa Texas, leo alikuwa na majaribio kwenye timu moja Ubelgiji. Asubuhi dada akapiga simu saluni kwangu, hapa mtaani Yeoville: "Mniombee kijana."

Nikamwita Pasta wa kanisa letu.
Hata mteja akasimama, nywele nusu zimesukwa.
Tukaomba mabao. Siyo moja, mvua ya mabao.

Jioni kijana akapiga, sauti imepoa.
"Mama mdogo, mabao yameingia sita."
Tukashangilia mpaka chanuo likaniponyoka.
"Mama mdogo, mimi ni golikipa."

Eish.

Pasta akakohoa. Anasema maombi yamejibiwa, sisi ndio tuliokosea anwani.

Sasa dada anapiga.
Nani apokee?