Pembe Alizomwokotea Mumewe

Genowefa hakuwahi kuupenda msitu. Alikuwa mpishi wa shule ya kijijini kwetu, hapa chini ya milima ya Bieszczady, na miguu yake, iliyosimama mbele ya masufuria karibu maisha yote, haikutaka tena kitu ila kunyooshwa kando ya jiko la kuni. Lakini kila mwaka theluji ilipoanza kulainika na ayala madume, wale kulungu wakubwa wa milimani, kuangusha pembe zao kama kawaida yao, tulimwona akipita na fimbo mkononi, gunia mgongoni, shali imemfunika mpaka puani.

Ilianza mwaka ule kiwanda cha mbao kilipofungwa. Mumewe, Walenty, alirudi na glavu zake za kazi, akakaa mezani, akanyamaza. Si siku mbili tatu. Alinyamaza majira mazima ya baridi. Akiambiwa kula, alikula. Akiambiwa kulala, alilala. Kisha Genowefa, akiokota kuni, akajikwaa kwenye pembe iliyofunikwa na majani, akamletea. Walenty aliigeuzageuza, akaipima kwa kiganja, akaenda nayo bandani. Baadaye alitoka na kisu cha jikoni chenye mpini mpya wa pembe ile.

"Tazama," alisema.

Genowefa alilia akiwa ameligeukia jiko, asije akaonekana. Tangu hapo akawa mwokota pembe. Alijifunza miteremko wanakolala ayala kuota jua, na vijito wanavyoruka, kwani mshtuko wa kuruka huiangusha pembe iliyokwisha kulegea. Alijifunza bila raha, kama mtu anavyojifunza saa za kumpa mgonjwa dawa.

Mwaka jana goti lake lilikuwa limevimba. Akaenda hivyo hivyo. Theluji ilikuwa imebaki mabondeni tu, matope kwingine kote, na alipovuka kijito akateleza juu ya jiwe, akakaa kitako majini. Alitambaa mpaka ng'ambo, na hapo, chini ya msonobari, akaiona pembe kubwa kuliko zote alizowahi kuokota. Hakufurahi. Aliitazama kama mtu anavyotazama sahani moja zaidi ya kuosha.

Jirani yetu Hieronim, aliyekuwa akivuta magogo kwa farasi, alimkuta kaketi juu ya gunia, anatetemeka.

"Bi Genowefa! Umeamua kutagia hapa hapa?"

"Nyamaza, mpumbavu wewe. Nishike mkono."

"Ayala wenyewe wakiona pembe nzito wanazitupa. Wewe unazibeba! Nani mwenye akili hapo?"

"Nipandishe juu ya farasi, akili tutazigawana baadaye."

Walipofika, Walenty hakuwa ndani, alikuwa ameenda dukani kununua mkate. Genowefa hakutaka kuliingiza tope jikoni, akaenda kuiweka pembe bandani mwenyewe. Hakuwa na desturi ya kuingia humo; ilimtosha kumwona Walenty akiingia na pembe kila alipomletea. Nyuma ya jiliwa, kile chuma cha kubania kazi, kulikuwa na turubai; akalivuta ili apate nafasi. Chini yake pembe zilikuwa zimerundikana mpaka kiunoni, pembe za mwaka uliotangulia, za mwaka wa kabla yake, za nyuma ya hapo. Hakuna hata moja iliyoguswa na msumeno.

Walenty alimkuta hapo, sketi inachuruzika maji.

"Hizi ni nini?"

Walenty alishusha mkate. "Vidole vyangu, mama. Vimekufa ganzi. Na lile vumbi linanikaba kifua. Siwezi tena."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Na hukusema!"

"Ningesemaje? Kila mwaka unaondoka na gunia lako kwa bidii ile. Nikasema moyoni, msitu ndio furaha yake, nisimvunje."

"Furaha?" Genowefa alipiga turubai kwa fimbo. "Furaha yangu? Nimelowa mpaka mifupani, mzee! Msitu wenu nauchukia! Nilikuwa naenda ili wewe usinyamaze tena."

Walenty alikaa juu ya kigogo cha kupasulia kuni. Hapakuwa na aliyecheka. Kicheko kilikuja baadaye, mbele ya supu ya kabichi, na kilikuwa kifupi, maana wote wawili walikuwa wamechoka sana.

"Ukinyamaza tena, je?" Genowefa alimuuliza akiwa kitandani, goti limefungwa kitambaa cha moto.

"Kuna siku nitanyamaza. Usiogope. Siku hizo wewe pumzika."

Pembe zote alipewa Hieronim, akazichukua kwa safari mbili za mkokoteni, huku akitania njia nzima. Mwaka huu waokotaji wengine wa pembe wamepita na tochi zao kabla ya mapambazuko. Mmoja aligonga dirisha kuuliza ayala walilala upande gani. Genowefa alimwelekeza akiwa na gauni la kulalia, akafunga dirisha upesi kwa sababu ya baridi, akarudi chini ya blanketi. Walenty alikuwa macho, kimya, anatazama dari. Genowefa hakumuuliza kitu. Aliiegemeza miguu yake iliyopoa kwenye ya Walenty, naye akaiacha hapo.