Mstari niliouruka nikipuliza moto: mume wangu msomaji wa kanisa na vitabu vyangu vya kwenye debe

Wakuu, salaam. Vijana mnaotaka kunipa shikamoo, nimeshazipokea zote. Marahaba.

Mimi ni bibi wa miaka sabini na kitu, niko hapa Mikumi kwa binti yangu Raheli. Akaunti kanifungulia mjukuu, Neema, ila maneno naandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Leo siku ya nne naandika.

Ninayosimulia yamenitokea. Chumvi sitii, hata mboga siku hizi nakula bila chumvi kwa ajili ya presha. Na mwenye habari, mume wangu Elieza, ameniruhusu. Kasema, "Andika yote, usinipambe."

Kwetu ni milimani, upande wa Berega, huku huku Kilosa. Shule niliishia la pili. Baba alisema mtoto wa kike akishajua kuhesabu mbuzi yatosha. Nikaolewa, nikalima, nikapika, nikazaa.

Kusoma nilikuja kujua nikiwa na watoto wanne, kwenye kisomo cha watu wazima. Mwalimu wetu Stefano alikosa kidole gumba, chaki aliishika kama sindano. Tulikuwa mimi, Tabita, Mama Yusto, Agnesi wa mtoni na Perisi aliyekuwa anasinzia. Majina nayakumbuka yote. Hilo ndilo Mungu alinipa badala ya vyeti.

Siku herufi ziliposhikana nilikuwa nyumbani, nimeweka gunia la mbolea mapajani nalitia kiraka. Nikatupa jicho kwenye yale maandishi yake, na yenyewe yakaniambia: WEKA MAHALI PAKAVU.

Nilisimama, wakuu. Gunia lile nimelikunja na kulikunjua miaka mingapi, sikujua kama linasema! Nililitazama kama mtu aliyesemeshwa na mbuzi wake.

Tangu hapo sikushikika. Nikishuka Kilosa mjini na maharage yangu, lazima nipite Mabwerebwere kwa Mzee Ramadhani, aliyekuwa anatandaza vitabu vikuukuu juu ya turubai. Muislamu safi yule, swala haimpiti, na mimi mama wa kanisa, lakini kwenye vitabu tulikuwa ndugu. Kibaba kimoja cha maharage, kitabu kimoja. Na alinichagulia.

"Chukua hiki, mama wa mlimani. Kile acha, kile kinapiga kelele tu."

Hakuwahi kunidanganya. Nilikuwa navitunza kwenye debe la mafuta lenye mfuniko, maana mchwa wa kwetu hawana dini.

Kulikuwa na kimoja, hadithi ya mjane aliyeporwa shamba na shemeji yake. Kuna mahali anaomba mvua. Katikati ya maombi anakumbuka kwamba mvua haijui mpaka, itanyesha na kwa shemeji. Ananyamaza. Anakaa. Halafu anaomba hivyo hivyo.

Nilifunga kitabu nikaenda kumrudishia wifi yangu Ester chungu chake nilichokuwa nimekikalia mwaka mzima.

Aliyeandika kile kitabu simjui na yeye hanijui. Sasa alijuaje habari za chungu?

Haya, tuje kwa Elieza.

Mume wangu alikuwa msomaji wa masomo kanisani. Akisimama, hata mtoto mchanga ananyamaza. Sauti nzito, haraka hana, analamba kidole, anafunua ukurasa. Nilikuwa nakaa upande wa kina mama najiona nimeolewa na mtu mkubwa.

Nyumbani hakuwahi kusoma kitu. Nikajua ndivyo wasomi walivyo, kama seremala ambaye kiti chake mwenyewe hakina mguu.

Jumatatu moja ilikuwa zamu yangu na Tabita ya kufagia kanisa. Nikakuta kile kitabu kikubwa kiko wazi vile vile alivyokiacha. Nikasema ngoja nionje.

Halikuwa somo la jana. Hata kufanana halikufanana.

Nikasema ni upepo.

Zamu iliyofuata, vile vile. Na safari hii madirisha yalikuwa yamefungwa.

Jumapili nikakaa mbele na kitabu changu kidogo, nikafuata kwa kidole. Elieza hakukosea hata neno. Ila macho yake hayakuwa yanatembea. Yalitulia mahali pamoja, kama ya mtu anayeota moto.

Hapo ndipo nilipoelewa habari za suruali. Kila Jumamosi alikuwa anapeleka suruali kwa Yona, fundi cherehani, rafiki yake wa utotoni. Suruali nzima kabisa. Mimi nikidhani mume wangu anapenda unadhifu! Kumbe Yona anamsomea somo la kesho, na yeye analibeba kichwani.

Mnaweza kudhani nilikasirika. Hapana. Nilistaajabu. Sura nzima, wakuu, na majina ya wazee wa zamani na miji yao! Mimi nikitumwa vitu vitatu dukani narudi na viwili.

Sikusema neno. Mwanaume wa kwetu ukimwambia jambo kama hilo umemvua nguo njiani.

Sasa, mwaka fulani Yona akachukuliwa na mwanawe kwenda Ruhembe, kwenye mashamba ya miwa. Aliondoka Jumatano. Na Jumapili ile ile alikuwa anakuja askofu, na msomaji ni Elieza.

Alhamisi mume wangu hakula. Ijumaa akaanza kusema koo linamwasha. Nikampa asali, akaiacha kwenye kikombe.

Nikafikiri sana. Nikimwambia najua, nimemuaibisha mimi. Nikinyamaza, ataaibika mbele ya askofu. Nifanyeje?

Jumamosi asubuhi alikaa nje ya mlango wa jikoni anasuka kamba ya mbuzi. Mimi ndani nimeinjika maharage. Nikachukua kitabu changu.

"Baba Raheli, naomba unisahihishe. Somo la kesho lina majina magumu, na mimi kusoma kwangu ni kwa kujikwaa."

Kamba ikasimama.

"Soma," akasema. "Nasikia."

Nikasoma kwa sauti ya kuita ng'ombe. Katikati moto ukazimika, nikainama nikapuliza, moshi ukaniingia machoni, nikarudi kwenye kitabu nikaendelea hadi mwisho. Nikataka kurudia. Hodi! Mama Yusto na wenzake wamekuja kunichukua tukapike chakula cha wageni. Nikaondoka na aproni yangu, nikarudi usiku yeye kalala. Kwa hiyo alisikia mara moja tu. Mara moja.

Jumapili kanisa limejaa mpaka nje. Elieza akasimama. Akalamba kidole. Akaanza.

Neno kwa neno, wakuu. Nilikuwa nafuata kwa kidole na jasho linanitoka.

Alipofika katikati akanyamaza kidogo. Watu wakadhani ni utukufu wa Neno. Askofu akainamisha kichwa. Halafu Elieza akaendelea, na kidole changu kikabaki nyuma.

Alikuwa ameruka mstari mzima.

Nikatazama vizuri. Ulikuwa ni mstari wa pale nilipoinama kupuliza moto. Niliuruka mimi, naye akauruka. Na ule ukimya wake ulikuwa na urefu wa pumzi zangu.

Nilifunika uso kwa kanga. Agnesi akadhani nimeguswa na Roho, akanipigapiga mgongoni. Niliguswa kweli, ila nisingeweza kumweleza nimeguswa na nini.

Tangu hapo kila Jumamosi "alinisahihisha". Na si somo la kanisa tu. Vitabu vyote vya kwenye debe vilipita masikioni kwake: cha ufugaji nyuki, cha magonjwa ya watoto, hadithi ya mjane na zingine. Alikuwa anagombana na watu wa humo ndani. "Huyo shemeji ni mjinga, angemwachia shamba." Mizinga yetu ya nyuki tuliitengeneza kwa kitabu kile, mimi nasoma yeye anachonga.

Habari ya siri yake hatukuwahi kuisemezana. Miaka ikaenda.

Halafu macho yake yakaingia ukungu. Mtoto wa jicho, yote mawili. Kanisa likamwambia pumzika baba, umetumika vya kutosha. Wakampa shuka la heshima.

Watoto wakataka apelekwe kufanyiwa upasuaji. Akakataa. Raheli analia, yeye anasema ndivyo Mungu alivyopanga. Wote wakasema ni woga wa kisu.

Mimi nilijua si kisu. Upofu ulikuwa umempa likizo. Akiona tena, watamwita tena mbele, na kichwa sasa kimezeeka, hakibebi kama zamani.

Nikamwambia, "Baba Raheli, mimi nataka unione nilivyozeeka. Sitaki niwe mzee peke yangu." Akacheka. Akakubali.

Siku ya kufungua bendeji tulikaa kwenye benchi la hospitali na wagonjwa wengine. Na nani yuko pale? Mzee Loti, mzee wa kanisa letu kabisa, naye kaja kwa macho.

Nesi binti mdogo akamwamkia Elieza vizuri, akamfungua, akamsimamisha mbele ya ile karatasi ya herufi ukutani.

"Babu, nisomee mstari wa juu."

Mzee Loti akaangua kicheko. "Dada, huyo humwambii kusoma! Huyo ndiye msomaji wetu. Angalia asije akakusomea mpaka na ukuta."

Elieza akaitazama ile karatasi.

Nami nimesimama nyuma yake. Mdomo ukanifunguka wenyewe, nikaanza kumnong'oneza herufi ya kwanza.

"Acha, Mama Raheli," akasema. Bila kugeuka.

Halafu akamwambia nesi, kwa sauti ile ile ya kanisani: "Binti yangu, naziona zote. Weusi wake nauona, pembe zake naziona. Ila kusoma sijui. Sijawahi kujua."

Watu wa benchi zima wakainua vichwa.

Nesi wala hakushtuka. "Haina shida, babu." Akageuza karatasi, upande wa pili kuna herufi moja tu imelazwa huku na huku, unamwonyesha kwa vidole imeelekea wapi. Elieza akaonyesha zote. Juu, chini, kushoto.

Mzee Loti alikuwa bado mdomo wazi.

"Elieza," akasema, "sasa miaka yote ile nani alikuwa anasoma?"

Mume wangu akaninyooshea kidole mimi.

Mzee Loti alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili. Mimi nilitazama viatu vyangu, maana sikujua niweke wapi uso.

Tukisubiri dawa, tunakula ndizi, Elieza akanieleza ilivyoanza. Alikuwa kijana, mchungaji wa zamani Danieli akamwomba aongoze sala. Yeye akatoa somo zima la wiki iliyopita kama lilivyo, kwa sababu lilikuwa kichwani. Mchungaji akasema mbele ya watu, "Kijana huyu anasoma sana nyumbani kwake." Kanisa zima likageuka kumtazama. Na mama yake akiwemo.

"Alikuwa anatabasamu," akasema Elieza. "Ningemwambia nini?"

Nikamuuliza, "Na ulijua kuwa najua?"

"Tangu ule moto. Mtu hasomi kwa sauti vile kwa ajili ya maharage. Na nilipofika pale mbele ya askofu nikaona kuna shimo, maneno hayashikani. Nikasema hapa alikuwa anapuliza. Nikasubiri umalize, nikapita."

Kisha akasema neno ambalo sikulitarajia.

"Nataka ule mstari. Usinisomee. Nataka niuone mwenyewe."

Wakuu, mimi na mwalimu Stefano hatuna tofauti sasa, gumba tu ndilo ninalo. Nilimfundisha hapa Mikumi, uani kwa Raheli, kwa mkaa juu ya sakafu. Raheli anafuta, tunaandika tena. Mtu aliyebeba sura nzima kichwani alishindwa kutofautisha b na d wiki tatu. Alinuna. Alitupa mkaa. Siku mbili hakunisemesha, ya tatu akauokota.

Wiki iliyopita, saa nne asubuhi, malori yanapita barabarani, Raheli anakaanga chapati za madereva, Elieza akachukua kile kitabu changu kidogo, kimeliwa pembe na mchwa kabla ya enzi za debe. Nilimwekea kidole kwenye ukurasa nikaondoa.

Maneno ya mstari ule hayazidi kumi. Aliusoma muda wa kuchemsha yai. Midomo inatembea, macho yanatembea. Yanatembea, wakuu! Kutoka kushoto kwenda kulia.

Akamaliza. Akarudi tena mwanzo, akamaliza tena.

"Kumbe shimo lilikuwa na hiki," akasema.

Chapati ya Raheli iliungua, hakuna aliyejali.

Mstari wenyewe siuandiki hapa. Ni wake, kausubiri muda mrefu.

Nilichojifunza mimi mama wa jikoni ni kidogo tu. Kitabu kizuri si cha mwenye vyeti. Kinakuja kwa kibaba cha maharage, kinakaa na wewe karibu na moto, kinakufanya urudishe chungu cha watu. Na ukikisoma kwa sauti, hujui nani yuko nje ya mlango anakibeba. Kwa hiyo msomeeni mtu. Aibu yake mfunikieni mpaka aifunue mwenyewe.

Niishie hapa, ananiita. Kafika mstari wa pili, kuna neno limemgomea.

Karibuni mkomenti. Mwenye kutukana namsamehe mapema. Ila wengine, mniambie: wewe nani alikusomea? Andika jina lake hapo chini. Nitalikumbuka.