Nilivyotafuta brashi ya duara ya kujaza nywele nyembamba za bibi harusi wa Misima

Wakuu, salamu kutoka Korogwe.

Anayependa hadithi za kutunga apite uzi mwingine. Hii imenipata mimi, ndani ya saluni yangu, na mashahidi wapo. Nimebadilisha jina la bibi harusi tu, maana simu anayo na humu ndani anapita.

Kwanza mnijue.

Mimi ni mtoto wa Ngombezi, nimezaliwa kambini. Baba alikuwa mkata mkonge, mama alifanya kazi chumba cha brashi kiwandani, kule nyuzi za mkonge zinakochanwa kabla ya kufungwa marobota. Niliondoka hapa na begi moja, nikaenda Afrika Kusini, nikafagia nywele za watu sakafuni miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kugusa kichwa cha mteja.

Nikasoma jioni huku nafanya kazi mchana. Nikachukua diploma ya nywele. Nasema diploma, wakuu, si cheti cha semina. Hakuna mjomba aliyenishika mkono.

Nimerudi, nimefungua saluni yangu mwenyewe, na diploma iko ukutani kwenye fremu. Ukiingia tu inakutazama.

Kwa hiyo nikisema najua nywele, najua. Na bado brashi moja ilinitoa jasho. Twende taratibu.

Siku moja waliingia wageni wawili kutoka Misima, huko Handeni. Mmoja binti, nitamwita Zuhura. Mwingine shangazi yake, mama mtu mzima, mtandio umekaa sawasawa, macho hayapepesi.

Nikamwamkia, "Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Tumeambiwa wewe ndiye fundi uliyetoka mbali."

Nikamwonyesha diploma. Akaitazama kidogo, akasema, "Haya, mimi sijui kusoma Kizungu. Soma kichwa hiki hapa."

Zuhura akavua mtandio.

Wakuu, nywele zilikuwa nyembamba kama uzi wa buibui. Laini tangu kuzaliwa, halafu aliugua homa mwaka jana zikapukutika, zikaota upya kidogo kidogo. Alikuwa amezitia dawa miezi michache nyuma. Zilifika shingoni na zimelala kichwani kama zimelowa.

Harusi ilikuwa imebaki wiki mbili.

Kwa wasiojua desturi za huko: baada ya ndoa, wanawake wa upande wa mume wanakuja chumbani kumwona bibi harusi. Anafunuliwa. Mtandio unatoka, kichwa kinabaki wazi mbele ya mawifi.

Na wifi mkubwa alishamwona Zuhura kichwa wazi siku ya posa. Akasema mbele za watu kwamba kaka yake anaoa kifaranga.

Mimi nikasema jambo dogo hilo, tutashonea nywele za kuongeza. Au wigi.

Shangazi akatikisa kichwa. "Kuunganisha nywele kwetu hakuna. Dini imekataa, na mimi nimekataa. Atatoka na za kwake au atakaa amejifunika."

Zuhura akasema taratibu, "Dada, mimi sitaki kujifunika siku ile. Nikijifunika wifi atakuwa amesema kweli."

Hapo ndipo kazi iliponishika. Nikamwambia, mdogo wangu, nitazijaza hizo hizo zako.

Nikachukua brashi yangu kubwa kuliko zote. Ya chuma, ya duara, nene kama kopo la soda. Hesabu yangu ilikuwa ya kawaida: unataka nywele kubwa, chukua brashi kubwa.

Kosa la kwanza hilo. Na msinicheke, nusu ya mafundi wa mjini wanalifanya hadi leo.

Nywele fupi kwenye brashi nene hazizunguki hata mara moja. Zinanyooshwa tu. Na kwa mazoea ya huku kwetu nilikuwa nimeshapaka mafuta mengi kuanzia kwenye shina. Nilipomaliza, nywele zilikuwa zinang'aa na zimelala kuliko alivyoingia nazo.

Shangazi akamzunguka Zuhura mara moja, mikono nyuma.

"Umempiga pasi vizuri. Anaweza kwenda shule."

Nikaosha mafuta yote, nikaanza upya. Safari hii nikafungua sanduku langu la heshima, lile nililorudi nalo. Nikatoa brashi yangu ninayoipenda kuliko zote. Unene wake kama betri kubwa ya tochi, manyoya yamesongamana, laini lakini yanashika.

Wakuu, ile brashi ni mwalimu. Nywele nyembamba hazitaki meno magumu, zinateleza au zinakatika. Zinataka manyoya mengi yaliyokaribiana yazishike zote kwa pamoja. Na kwa unene ule, nywele za shingoni zinazunguka karibu mara mbili.

Nikamaliza kichwa chote. Kilijaa. Zuhura akajitazama kwenye kioo, akaweka mkono nyuma ya kichwa kama anapima, akacheka. Ndiyo mara ya kwanza namwona meno.

Nikaanza kujisifu, mnanijua. Nikasema brashi hii haipatikani Tanga nzima, haya si plastiki, haya ni manyoya halisi.

Shangazi akauliza, "Manyoya ya nini?"

Ningeweza kudanganya. Ningesema mbuzi, ningesema farasi, yakaisha. Lakini mimi ni fundi, si mlaghai.

"Ya nguruwe."

Zuhura akafumba macho. Shangazi hakufoka, wala hakunitukana, na afadhali angenitukana. Aliuliza tu bomba liko wapi.

Mimi ni Mkristo, na miaka yangu yote ya kazi nilikuwa kwenye miji ambako hakuna mteja aliyewahi kuniuliza hilo. Lakini nimekulia Ngombezi, kambini tulikuwa dini zote, Idi nimekula kwa majirani tangu mtoto. Nilipaswa kujua. Nilikuwa nimemgusisha najisi binti wa watu, nywele zikiwa mbichi, wiki mbili kabla ya ndoa yake.

Nikajaribu kujitetea. "Shangazi, naichemsha kila siku kwa dawa."

"Mwanangu, hata ukiichemsha mpaka Idi, nguruwe hatoki."

Kuoshwa kwake kukawa mara saba, kama dini yao inavyotaka kwa najisi ya nguruwe, na mara moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Nilitoka mwenyewe nyuma ya saluni nikachimba udongo safi. Nikamwosha mwenyewe, shangazi anahesabu kwa sauti. Mara ya saba ilipoisha, kichwa kilikuwa kimerudi pale pale, nywele zimelala, maji yanamdondoka shingoni.

Shangazi akamfunga mtandio. "Atakaa amejifunika. Yameisha."

Zuhura akanitazama.

Nikawafuata mpaka mlangoni. Nikasema, "Shangazi, asubuhi ya harusi nitakuja Misima na brashi ambayo wewe mwenyewe utaishika kwa mkono wako."

"Ukija na mnyama mwingine nitakutoa kwa mwiko."

Lakini hakusema nisije. Mimi nikalisikia hilo.

Basi nikaanza kutafuta. Maduka yote ya vipodozi Korogwe nilipita. Brashi za duara zipo, ila ni zile za meno ya plastiki yenye vitone kwenye ncha. Nikanunua moja nikaenda kuijaribu kwa mama yangu Ngombezi. Mama ana nywele nyembamba za uzee, mtihani mzuri. Brashi ikanasa kwenye shina, ikagoma kutoka. Nikaichambua unywele mmoja mmoja mpaka chai yake ikapoa.

Mama akasema, "Umekwenda kusoma kunyonga watu?"

Sikukata tamaa. Siku ya nne nikafika Mkumbara, pale barabarani, kwa mama mmoja anayeuza vitu vya mchanganyiko. Kwenye beseni lake nikaona brashi ya duara, mpya, bado imo kwenye mfuko wake. Unene wa betri ya tochi. Nyuzi zake nyembamba, nyingi, zimesongamana.

Nikamuuliza bei. Akaniambia, "Hiyo ni ya kuoshea chupa za watoto, unayo mtoto?"

Nikasema ninaye, anaolewa.

Nilipotoka pale nikang'oa uzi mmoja, nikauchoma kwa kiberiti. Fundi wa nywele yeyote anajua kipimo hiki: nywele za mnyama au mtu zikiungua zinanuka nywele na zinakuwa majivu. Plastiki inayeyuka inakuwa tone. Huu ukayeyuka. Nailoni tupu.

Nikarudi Ngombezi nimeshinda. Nikaijaribu kwenye kichwa cha mama. Ikateleza.

Nailoni haina mshiko kama manyoya yale mengine. Nywele zikapanda kidogo, nikitoa mkono zinashuka. Nikarudia mara tatu. Nikakaa chini, brashi mkononi, diploma yangu huko mjini ukutani.

Mama akanitazama kwenye kioo. "Unashika fungu nene."

"Mama, hili ni jambo la kitaalamu."

"Miaka ishirini nimesimama kwenye brashi, usiniambie utaalamu. Ukishika fungu nene, brashi inachana la juu, la ndani linabaki lilivyo. Halafu msimamizi anakurudishia mzigo wote. Shika jembamba. Na usiachie haraka."

Wakuu, nilikasirika. Halafu nikashika fungu jembamba.

Nikachukua nywele kidogo, upana usiozidi brashi yenyewe. Nikaingiza brashi kwa chini, karibu kabisa na ngozi, nikavuta kwenda juu na siyo kwenda chini. Draya nikaielekeza kutoka shinani kwenda nchani. Nikazungusha mpaka shinani. Nikazima draya, nikaacha brashi hapo hapo mpaka ipoe. Ndipo nikafungua taratibu.

Fungu likasimama. La pili likasimama.

Nilipomaliza kichwa, mama alijitazama muda mrefu. Akasema, "Nimekuwa kama picha ya kitambulisho changu cha kazi."

Siku zilizobaki nilifanya mazoezi kwa kichwa chake mpaka akaanza kujificha kwa jirani.

Asubuhi ya harusi nilifika Misima kwa bodaboda, draya kwenye begi mgongoni. Shangazi yuko mlangoni, kanga kiunoni, mwiko mkononi kweli, maana pilau lilikuwa jikoni. Sikusubiri aniulize. Nikampa brashi na kiberiti.

"Ng'oa mwenyewe, shangazi. Popote unapotaka. Choma, zikinuka nywele nitoe."

Akang'oa nyuzi mbili, pande mbili tofauti. Akachoma. Zikayeyuka. Akanusa mara ya kwanza, akanusa mara ya pili.

"Ndoo ya plastiki iliyoungua," akasema. Akasogea pembeni nipite.

Sikupaka mafuta shinani, tone moja tu nchani. Nilikausha kwanza kwa vidole mpaka ubichi ukabaki kidogo, ndipo nikashika brashi. Mafungu membamba, juu, poza, fungua. Zuhura alikaa kama sanamu. Shangazi alikuwa anaingia na kutoka kila dakika kumi kama mkaguzi.

Baada ya ndoa wakaja mawifi, vigelegele mbele. Wifi mkubwa ndiye aliyefunua mtandio.

Nywele zilikuwa zimejaa pande zote, zimeinuka juu ya paji, ncha zimejikunja kuelekea shingoni. Hazikuwa nyingi, ila zilionekana nyingi, na hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Wifi hakuamini. Akasema anamtengeneza vizuri, akapitisha vidole kichwani, huku na kule, karibu na ngozi. Sote tulijua anatafuta alama ya kushonewa.

Shangazi akamwambia kwa upole kabisa, "Tafuta vizuri, mwanangu. Ukiukuta uzi nipe, nina mto umefumuka."

Wanawake wakaangua kicheko. Wifi akatoa mkono. Akasema polepole, "Ni zake."

Desturi ni bibi harusi kutazama chini. Zuhura alitazama chini mpaka aliposikia neno hilo. Kisha akainua uso, akamtazama wifi yake, akatabasamu, akatazama chini tena.

Nililipwa siku ile, ila malipo yangu yalikuwa pale.

Nilichojifunza, wakuu, na nawapa bure mimi mwenye diploma:

Ukubwa wa brashi unafuata urefu wa nywele, siyo ukubwa wa tamaa yako. Zizunguke angalau mara moja na nusu. Zisipofika, shuka unene. Kwa nywele za shingoni, betri ya tochi inatosha. Mabegani na kuendelea, ndipo uwaze kopo la soda.

Nywele nyembamba zinataka nyuzi laini zilizosongamana. Meno ya vitone waachie wenye nywele nzito. Brashi ya chuma inashika moto sana, punguza joto la draya au utazikaanga.

Mafuta mbali na shina. Najua tumezoea. Acheni.

Na kabla brashi haijagusa kichwa cha mtu, mwambie imetengenezwa kwa nini. Hilo hawakunifundisha chuoni, nimefundishwa na bomba la maji nyuma ya saluni yangu.

Brashi ile ya sanduku bado ninayo, ina droo yake na maandishi makubwa, kwa mteja anayeitaka kwa hiari. Na chini ya fremu ya diploma nimepigilia msumari, nimetundika kiberiti. Mteja akiwa na shaka, anang'oa uzi na kuchoma mwenyewe.

Wa kwanza kukitumia alikuwa wifi mkubwa. Alikuja peke yake, amejifunga mtandio, nywele zake ni nyembamba kuliko za Zuhura.

Mafundi na wenye nywele laini mlioko humu, nyie mnatumia brashi ya unene gani, na kwa urefu upi? Anayebisha kuhusu fungu jembamba aje na hoja, nitampa namba ya mama.